Miwani ya Thuo

"Mwalimu, miwani bado iko kwa fundi," Thuo alisema tena, akairudisha karatasi ya nota.

Zedekiah, mwalimu wa kwaya ya kanisa pale Dagoretti Corner, aliipokea kwa shaka. Juzi miwani ilikuwa imevunjika. Halafu fundi wa Ngara akawa anangoja kioo kutoka ng'ambo. Miwani gani hii? Tangu Thuo ajiunge na kwaya, hakuna aliyewahi kumwona nayo usoni.

Mashindano ya mjini yalikuwa yamekaribia, na Zedekiah alikuwa ameshatoa amri: asiyesoma nota haendi. Mwaka uliotangulia, 1970, walishika mkia kwa sababu ya watu waliokuwa wakibahatisha.

Taabu ni kwamba Thuo, seremala mwenye kifua kipana, alikuwa na sauti ambayo ikipanda, hata wapita njia wa Ngong Road walisimama.

"Hajui kusoma na anaona haya," Zedekiah alimwambia mkewe Rael wakila ugali. "Kesho nitamwambia abaki."

Rael aliimba sauti ya kwanza, safu ya mbele. Mambo ya kwaya hakuwa akibishana na mumewe. Lakini jioni hiyo aliliweka tonge chini.

"Baba Nanyama, usimfukuze mtu hivyo. Kuna watu wana akili zao, shule wameenda, lakini wakitazama karatasi zile herufi zinarukaruka. Wanachapwa, wanaitwa wavivu. Na wimbo wakiusikia mara moja tu, wameushika."

"Sasa nifanye nini?"

"Weka karatasi kando. Tuimbie kipande kidogo kidogo, tukufuate. Sauti ikipanda, mkono wako nao upande, tuone. Na tufanye hivyo wote, asijulikane ni nani."

Zedekiah alinung'unika, lakini sauti ya Thuo ilikuwa tamu mno. Jumamosi alikusanya karatasi zote, akazifungia kabatini. Wanakwaya walicheka walipoambiwa watembee wimbo katikati ya viti, hatua ndefu kwa nota ndefu, fupi kwa fupi. Waimbaji wa besi waligongana. Mzee mmoja akauliza kama hii ni kwaya ama gwaride.

Siku zilivyokwenda, vicheko vikaisha. Hakuna aliyetazama chini tena. Macho yote yalikuwa kwa Zedekiah, na nyimbo zikatoka zimeshikana.

Mjini walichukua nafasi ya kwanza. Rael alilia waziwazi, wenzake wakamkumbatia wakisema ni furaha ya kombe.

Nje ya ukumbi, Zedekiah alimvuta Thuo kando.

"Ndugu yangu, nilijua siku nyingi. Usione haya. Yale yote tulifanya kwa ajili yako."

"Yapi, Mwalimu?"

"Kuacha karatasi. Kwa vile husomi."

Thuo alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatoa miwani mipya mfukoni, akaivaa, akaazima nota za kwaya nyingine, wimbo ambao hajawahi kuusikia, akauimba kuanzia juu hadi chini bila kukwama.

"Fundi alinipa jana," alisema. "Si nilikuambia ni miwani?"

Wakielekea kituo cha basi, Zedekiah alimsimulia Rael huku akijicheka mwenyewe.

"Anasoma kunishinda mimi! Tumehangaika bure, Mama Nanyama. Jumamosi nafungua kabati, tunarudia karatasi zetu."

Rael alisimama. "Usifungue."

"Kwa nini? Si ulikuwa unamtetea Thuo? Na Thuo anasoma!"

"Thuo sikumtetea," Rael alisema. "Nilikuwa najitetea mimi."