Mkono Kisogoni

Kata iligonga ukingo wa ndoo gizani. Mama mkwe wa mama Nusrat, aliyefika Uyole jana kutoka Iringa, alikuwa anachukua udhu.

Alipomaliza kuswali alikaa kando ya jiko la mkaa, akamwita mjukuu wake. "Nusrat, njoo uniamkie."

Watoto wote wa ukoo ule huinamisha kichwa ili bibi akiguse. Nusrat, wa miaka saba, huogopa kuguswa hadi pumzi zinamkatika, na mbele ya watu hasemi neno. Siku zote mama yake humsukuma kisogo na kumsemea, ili yaishe.

Kiganja cha mama kikaenda kisogoni kwa mazoea. Akaihisi shingo ile ndogo imekakamaa kama kamba ya kuanikia nguo, na jasho limeilowesha pamoja na baridi yote ile ya alfajiri.

Akauondoa mkono.

"Mwinamishe basi, mama Nusrat," bibi akasema, mkono wake tayari uko hewani. "Kwani amebeba mayai kichwani?"

"Hapana, mama. Leo simwinamishi."

"Unanifundisha adabu ndani ya nyumba ya mwanangu?"

"Nisamehe, mama. Anaogopa. Tumsubiri kidogo." Akasimama palepale, kati ya mkono ule na mtoto.

Bibi hakuushusha mkono.

Nyuma ya kitenge cha mama yake, mtoto alifumbua mdomo.

"Usinishike, bibi, nitakuamkia."