Jezi Mbili Kwenye Kamba

Katika ligi ya visiwa vyetu, aliyetwaa ubingwa hastaafu, hata akifa. Mashine humrudisha uwanjani kwa mwanga, akiwa na umri ule ule aliobebea kombe. Ndiyo maana mume wangu Shaame, tuliyemzika zamani, bado anaidakia timu ya Kimbunga kila Ijumaa. Uwanja mzima huimba jina lake, nami husimama jukwaani nikiringa, maana historia ya ligi hii imepita mikononi mwake.

Mwanetu Khatibu naye ni kipa wa Kimbunga. Anakaa benchi.

“Vumilia, mwanangu,” nilimwambia juzi. “Zamu yako itafika.”

“Itafika vipi, mama? Baba haumii, hachoki. Na mwaka huu nimemzidi umri.”

Nikaenda kufua. Jezi ya baba hutundikwa langoni anapocheza, maana mwanga hauvai nguo, na hurudi nyumbani safi. Ya mwana nayo hurudi safi. Nazifua zote mbili vilevile, nazianika mbele ya nyumba, wapita njia waone kwamba hapa wametoka makipa wawili.