Pole ya Tatu

Uvumi Mama Tabitha aliuokota kwenye foleni ya maji, ukamganda: kofia za kazini zinasikia hata zikitundikwa nyuma ya mlango. Sheria yenyewe aliijua. Mfanyakazi haachani na kofia yake popote aendapo, na kila "pole" inayosikika huhesabiwa kuwa ameumia. Pole tatu kwa mwezi, anaachishwa kazi kwa uzembe.

Basi Tabitha akirudi kutoka kazi ya barabara, penye katapila la kuvunja mawe, mama humpokea kwa "hongera na kazi". Maisha yalikuwa mazuri, wali haukosekani na kicheko kipo.

Jioni moja Tabitha akaingia jicho moja limefumba. Kipande cha jiwe kiliruka akiwa ameinua miwani ajifute jasho.

"Po..." mama akaanza, akageuza, "...potelea huko bafuni ukaoge."

Tabitha akacheka. "Ungenifukuzisha, Mama. Mwezi huu zishafika mbili."

Mama akainua mkono. "Vidole vingapi hivi?"

"Hivyo ni vidole au ndizi?"

Wakacheka wote wawili.

"Twende hospitali, mwanangu."

"Manesi nao watanipa pole. Zimebaki siku nne mwezi uishe, Mama."

Mama akakubali. Wakala, wakashiba.

Sasa mlangoni pa Mama Tabitha pana karatasi, wasome wenye watoto kazini:

Asisimame karibu na katapila likivunja mawe.
Asiinue miwani kujifuta jasho.
Asisugue jicho.
Ukimwuliza vidole vingapi, usikubali jibu la utani.
Usingoje mwezi uishe.