Moto wa Jikoni

Bernadeta aliponiamkia jioni ile, nilisikia harufu ya tumbaku kinywani mwake. Mtoto wa miaka tisa.

Niliweka patasi chini, kwenye maranda ya mpingo, nikamwita karibu. "Nani anakupa sigara?"

"Hakuna mtu, baba."

Sikumwamini. Nilimfikiria yule kijana wa jirani anayeshinda kibarazani. Nikawafikiria wenzake wa shule, anaorudi nao kutoka Temeke. Hata mama yake nilimtazama mara mbili, alivyokuwa akipuliza jiko.

"Mtoto haanzi kuvuta peke yake," nikasema. "Kuna mkubwa anakufundisha. Mtaje."

Alitazama vidole vyake. Kimoja kilikuwa na kovu la moto, dogo kama punje ya mtama.

"Ni wewe, baba. Tangu viberiti viadimike dukani, unanituma nikawashe sigara yako kwenye makaa. Nisipoivuta haishiki."

Nilitaka kumjibu. Nikakuta mkono wangu umeshachomoa sigara sikioni na kumnyooshea, kama kila jioni, naye ameipokea kwa mikono miwili.