Maua Mekundu ya Beldina

Mtaa mzima wa Tassia hakuna kijana asiyejali mambo ya watu kunishinda mimi.

Ndiyo maana dada yangu, mtengeneza kadi, huniachia bahasha za wateja nizipambe kwa maua ya karatasi. Huwa sisomi hata jina. Jana nilisoma moja tu: Beldina.

Beldina wa ghorofa ya tatu, ambaye tangu Krismasi napanga kumwambia ninampenda. Mwandiko ulikuwa wa mwanamume, na bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi ya unga wa ngano.

Nikaishika juu ya mvuke wa sufuria ya chai, taratibu kama daktari. Gundi ikalegea. Maua niliyokuwa nimeyabandika juu yake yakachuja, rangi nyekundu ikanitiririkia vidoleni.

Nikafungua kadi. Nilikuwa nimefika kwenye “Mpenzi” mlango uliposukumwa.

“Niaje, fundi,” Beldina akasema. “Dada yako anasema nina kadi hapa.”

Nikaificha mgongoni. “Kadi gani?”

Akavitazama vidole vyangu vyekundu, akavuta stuli, akaketi mbele yangu.

“Si umeshaianza? Haya, imalize. Kwa sauti.”