Dumu la Rejeta

Lori la kuhamisha vyombo lilikuwa limeshauacha mji mbali, jua la saa saba likiwaka, mama mwenye mizigo alipogonga kioo kutoka nyuma.

"Dereva, simama! Jitu ameacha kuhema!"

Dereva akapanda. Jitu, mbwa wa mama, mkubwa kama ndama, alilala chini ya blanketi zito alilolilowesha mama ili kumpoza. Dereva akaingiza mkono. Joto la sufuria iliyofunikwa.

"Mama, umempika!"

Akalitupa blanketi. Maji yalibaki dumu moja, la rejeta inayovuja. Tajiri mwenye lori alishamwambia: injini ikiungua, usirudi kazini.

"Baba, nakuomba."

Dereva akammwagia mbwa dumu lote, tumboni na mapajani.

Jitu aliinuka. Injini iliungua kwenye kilima cha kwanza. Dereva siku hizi analinda lango la mama, zamu moja na Jitu.