Mabawa ya Kuhani Mbuni

Enzi ndege walipokuwa na kuhani, kuhani wao alikuwa Mbuni, na hakuna alichopenda kama kutiiwa. Siku moja alimshtaki Mbayuwayu kwa kufundisha kwamba ndege wamebadilika kidogo kidogo tangu zama za mababu.

"Kitabu kinasema Mungu alituumba!" alifoka Mbuni. "Alituumba hivi hivi tulivyo!"

"Kwamba alituumba, naamini, Baba Kuhani," alijibu Mbayuwayu. "Ila hilo neno 'hivi hivi' limo katika aya gani?"

Mbuni akakasirika, akaamua kumtenga. Kwa desturi yao, kuhani humtenga mkosaji kwa kumkunjulia mabawa yote mawili mbele ya umati. Mbuni akayakunjua, mapana, yenye manyoya tele.

"Mazuri kweli!" akasema Mbayuwayu. "Umewahi kuruka nayo, Baba?"

"Sijawahi. Wala babu yangu hakuruka."

"Basi ya nini, kama hakuna hata mmoja katika ukoo wenu aliyewahi kuruka?"

Kanga akaangua kicheko, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mbuni aliyatazama mabawa yake kama ndiyo kwanza anayaona, kisha akayakunja taratibu.

"Mbayuwayu," alisema, "kesho ibadani utasoma wewe. Mimi nitakaa chini, niulize maswali."